Gambia: nchi ya mto inayoishi kwa wanaopita

Baharia Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa mpira kuna mdau kauliza kama Gambia ni nchi au ni wilaya ya Senegal. Watu wakacheka, mada ikapita. Mimi nilikaa Serekunda, kulekule Gambia, kikazi kabla ya Korona na swali lile halikunichekesha, maana Wagambia wenyewe huulizana kila mpaka unapofungwa na bei ya mchele inapopanda. Nimeona niupe uzi wake. Ni mrefu, wavivu wa kusoma rukeni mshuke mpaka kwenye mpira.

Chukueni ramani, tafuteni Senegal. Ndani yake mtaona kijinchi chembamba kimelala kutoka baharini kwenda mashariki, kama ulimi ndani ya kinywa. Hiyo ndiyo Gambia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 11,300 hivi. Mkoa wa Kilimanjaro peke yake unaizidi. Urefu wake unapita kilomita 300, lakini upana haufiki 50, na kuna mahali ni kama 25 tu. Ukitoka asubuhi kwa baiskeli na pumzi nzuri, kabla ya mchana umeshavuka nchi nzima kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Sensa ya 2024 ilihesabu watu kama milioni 2.4, yaani hawafiki nusu ya wakazi wa Dar es Salaam. Pande tatu zote ni Senegal, upande wa nne ni Atlantiki, pwani ya kilomita kama 80.

Chanzo cha umbo hilo ni mto. Mto Gambia unaanzia milima ya Fouta Djallon nchini Guinea, unakatisha Senegal, unaingia Gambia na kumwaga maji baharini pale Banjul, safari ya kilomita zaidi ya 1,100. Mdomo wake ni mpana na una kina, na nchi ni tambarare kiasi kwamba maji ya bahari yanapanda mtoni mbali sana. Kiangazi chumvi inafika hata kilomita 200 na zaidi kutoka pwani. Kwa mabaharia wa zamani huo ulikuwa mlango uliokaa wazi wenyewe. Wareno walifika karne ya 15. Mwaka 1651 kisiwa kimoja kidogo karibu na kijiji cha Juffureh kilijengwa ngome na watu wa Courland, kautawala kadogo ka Ulaya ambako leo ni sehemu ya Latvia. Ndiyo, Latvia! Miaka kumi baadaye Waingereza wakawanyang'anya, na kisiwa kikawa ghala la watumwa. Leo kinaitwa Kunta Kinteh Island na kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2003.

Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, ilibidi mtu akae mdomoni mwa mto kuwakamata waliokaidi. Ndipo mwaka 1816 ukajengwa mji wa Bathurst, kwenye kisiwa cha mchanga. Mwaka 1973 ukapewa jina la Banjul, nao ndio makao makuu mpaka leo, ingawa watu wengi wamehamia bara, Serekunda na vitongoji vyake.

Kuhusu mpaka, kila Mgambia atakusimulia kwamba meli ya vita ya Kiingereza ilipanda mto ikirusha mizinga kushoto na kulia, na pale tufe lilipoangukia ndipo mpaka ulipowekwa. Simulizi tamu, lakini ukweli una wino na karatasi. Waingereza na Wafaransa walikaa Paris Agosti 1889 wakapatana: kilomita 10 kila upande wa mto, basi. Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1860, walishataka kubadilishana, Gambia iende kwa Wafaransa na Waingereza wapewe kipande kingine cha Afrika. Wafanyabiashara wa Bathurst waligoma, mpango ukafa.

Sasa hoja yangu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Ukiiangalia ramani utadhani hii ni nchi inayoishi kwa mto wake. Wapi! Mto umelala. Zamani kulikuwa na meli ya abiria na mizigo, Lady Chilel Jawara, ikipanda hadi Basse kule mwisho wa nchi. Ilizama miaka ya 1980 na huduma ya maana haikurudi tena. Siku hizi utaona matishari ya karanga wakati wa msimu na boti za watalii wanaokwenda kutazama viboko na sokwe. Uchumi wa Gambia hausafiri na mto, unaukata. Nchi hii inakula kwa sababu imekaa katikati ya njia za wengine: malori, bidhaa, watalii, vijana wanaokwenda Ulaya na pesa zinazorudi.

Naweka kituo hapo, maswali yaje.

Roli la Tunduma

Mkuu fafanua hapo "unaukata". Sisi tunaolala foleni mpakani tunataka kusikia ya wenzetu.

Baharia Mstaafu

Sogea karibu maana hii ni yako. Kusini mwa Gambia kuna kipande kingine cha Senegal kinaitwa Casamance, chenye mchele, mbao, maembe na korosho. Lori likitoka huko kwenda Dakar lina njia mbili: lizunguke nchi nzima ya Gambia kupitia Tambacounda, au likate katikati kupitia Soma na Farafenni. Kukata ni karibu zaidi, ila pale katikati kuna mto, na kwa miongo yote kilichokuwepo ni feri. Feri ikiharibika, au maji yakikupwa vibaya, malori yanajipanga, na madereva wanalala siku kadhaa na nyanya zinazooza. Akina mama wa Farafenni walikuwa wakiuza chakula kwenye foleni hiyo. Mji mzima ulishiba kwa kuchelewa kwa watu.

Februari 2016 serikali ya Yahya Jammeh ikapandisha ada ya lori la Senegal kuvuka, kutoka faranga 4,000 za CFA hadi 400,000. Si makosa ya uchapaji, ni mara mia. Madereva wa Senegal wakafunga mpaka wenyewe. Ikawa miezi mitatu, malori yanazunguka Tambacounda, na huku Gambia saruji na vitunguu vinapanda bei.

Daraja la Senegambia, palepale Farafenni penye feri, lilifunguliwa Januari 2019 na marais wa nchi zote mbili, Adama Barrow na Macky Sall. Lina mita 942, fedha nyingi zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wazo lenyewe lilizungumzwa tangu enzi za uhuru, likawa linakwama kila mara kwa sababu upande wa Gambia walihofia, kimyakimya, kwamba daraja likijengwa watabaki na nini mkononi. Jibu limekuwa ushuru wa daraja.

Roli la Tunduma

Nimeelewa. Na wauza chakula wa foleni?

Baharia Mstaafu

Wengine wamehamia kwenye maegesho ya lori na vituo vya mafuta. Si wote waliopata nafasi.

Mtu wa Darajani

Assalaam aleikum. Mimi hapo nilipo naona kitu ninachokijua. Kisiwa kidogo, ushuru mdogo, bidhaa zinashuka bandarini kisha usiku zinapata miguu zinakwenda bara. Kwetu ilikuwa televisheni, vitenge, mafuta ya kula. Hao nao si ndio hivyo hivyo?

Baharia Mstaafu

Waaleikum salaam sheikh. Umegonga penyewe. Senegal ilirithi mtindo wa Kifaransa wa kulinda viwanda vyake kwa ushuru mkubwa. Gambia haikuwa na viwanda vya kulinda, kwa hiyo ikaweka ushuru mdogo na kuifanya bandari ya Banjul kuwa duka la jirani. Mchele wa Asia, sukari, vitambaa, nyanya za kopo, chai ya kijani ya China (hiyo attaya ndiyo damu ya watu wale, wanaichemsha mara tatu kwenye birika dogo na kikao kinachukua mchana mzima). Vinashuka Banjul, vinapita mpaka kwa lori, kwa punda, kwa pikipiki, vinaishia Kaolack, Casamance, Guinea, hata Mali. Wenye mitaji mikubwa humo ni Waserahule, Wafula, Walebanoni na Wamauritania.

Na hapa ndipo Muungano wao ulipovunjikia. Julai 1981, Rais Dawda Jawara akiwa London kwenye harusi ya Charles na Diana, Kukoi Samba Sanyang akapindua. Jeshi la Senegal likaingia, likamrudisha Jawara, mamia ya watu wakafa. Februari 1982 nchi mbili zikaunda Shirikisho la Senegambia, rais akiwa wa Senegal, makamu wa Gambia. Ulinzi ulikwenda. Kilichokataa kwenda ni forodha. Senegal walitaka soko moja na ushuru mmoja. Banjul wakajua siku hiyo ikifika duka limefungwa. Wakavuta miguu mwaka baada ya mwaka. Septemba 1989 shirikisho likavunjwa, si kwa risasi, kwa vitabu vya ushuru.

Siku hizi duka lenyewe limepungua wateja. Gambia imeingia kwenye ushuru wa pamoja wa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, bandari ya Dakar imekuwa bora, na tofauti ya bei imebaki ndogo. Ajabu ni kwamba bunge la Gambia ndilo lililotimiza idadi ya nchi 22 zilizohitajika ili mkataba wa eneo huru la biashara la Afrika uanze, Aprili 2019. Nchi iliyoishi kwa mipaka ndiyo iliyosaidia kuifungua.

Mzawa wa Kongwa

Nimesoma sehemu kwamba Gambia ni karanga, karanga, karanga. Sisi wa Kongwa neno karanga tunalisikia kwa jicho la pembeni 😂 Mzungu alikuja na matrekta ya vita akaondoka na aibu.

Baharia Mstaafu

Wewe sasa nikupe zawadi. Karanga za Gambia zilianza kusafirishwa nje miaka ya 1830, zikaenda zaidi Ufaransa kutengeneza mafuta na sabuni. Tofauti na Kongwa, huko hapakuwa na trekta. Mkulima mdogo alilima mwenyewe, na kila msimu walikuja vijana kutoka Mali na Guinea, wanapewa shamba na chakula na mwenyeji, wanamlimia siku kadhaa za wiki, zinazobaki wanajilimia wao. Zao hilo likaibeba koloni nzima kwa zaidi ya karne.

Lakini wale wale wakubwa wa London waliowaletea ninyi Mpango wa Karanga mwaka 1947, mwaka uliofuata waliwapelekea Wagambia mpango wa mayai. Sitanii. Palipoitwa Yundum, karibu na uwanja wa ndege wa sasa, Shirika la Maendeleo ya Makoloni lilisafisha msitu kufuga kuku kwa ajili ya Waingereza waliokuwa bado wanakula kwa mgawo baada ya vita. Lengo lilikuwa mayai milioni 20 kwa mwaka. Chakula cha kuku kilitakiwa kilimwe palepale, mchanga ukakataa. Kikaagizwa kutoka nje, gharama ikapanda. Halafu ugonjwa ukawafagia kuku. Mwaka 1951 wakafunga virago, mwaka uleule ambao Kongwa ilifungwa. Bunge la Uingereza liliwacheka mawaziri kwa mayai na karanga kwa pamoja, kwa hiyo Kongwa na Yundum ni ndugu wa baba mmoja.

Mzawa wa Kongwa

Aisee! Kumbe tuna ndugu Gambia na hatujawahi kutembeleana.

Bi Chaza

Mnaongea malori na karanga kama vile nchi haina wanawake. Nani anapika huo mchele?

Baharia Mstaafu

Haki yako dada. Kwa Wamandinka, ambao ndio wengi kuliko makabila mengine, kama theluthi ya watu, kilimo kimegawanywa: karanga na mtama wa nchi kavu ni wa wanaume, mpunga wa bondeni ni wa wanawake. Yaani zao la fedha kwa baba, zao la sufuria kwa mama. Miaka ya 1980 ulikuja mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Jahally na Pacharr, mabonde ya mpunga ya wanawake yakapimwa na kugawiwa upya. Majina ya wanawake yaliandikwa kwenye karatasi, lakini kwa vile sasa mpunga ulivunwa mara mbili kwa mwaka na ulikuwa na pesa, mashamba yakahesabiwa kuwa ya kaya, na mkuu wa kaya mnamjua ni nani. Wanawake wengi waligoma kufanya kazi bila malipo.

Upande wa chini ya mto chumvi inapanda na kuua mabonde ya mpunga. Mchele mwingi unaoliwa leo Banjul umetoka Asia kwa meli, kwenye nchi iliyojaa mpunga enzi za bibi zao.

Ila usikose habari ya chaza, maana jina lako limeniita. Kwenye mikoko ya Tanbi, pembeni kabisa ya Banjul, wanawake wengi wao Wajola huingia na mitumbwi, wanakata chaza kwenye mizizi ya mikoko, wanachemsha na kuuza kandokando ya barabara. Mwaka 2007 walianza chama chao, TRY Oyster Women's Association. Wakakubaliana wenyewe kutovuna sehemu kubwa ya mwaka. Msimu unafunguliwa Machi na kufungwa Juni. Mwaka 2012 serikali ikawapa haki rasmi ya kusimamia eneo hilo, na mwaka huohuo wakapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Equator. Kati ya kila nilichokiona huko, hiki ndicho kilichonikosha. Mto wanautumia kikweli hawa.

Upande wa bahari hali ni chungu. Kuanzia 2016 hivi vilijengwa viwanda vya unga wa samaki pwani ya kusini: Gunjur, Sanyang, Kartong, wamiliki wakiwa wageni. Vinasaga bonga, samaki wa mafuta anayeliwa na kila maskini, unga unapelekwa nje kulisha samaki wa kufugwa na wanyama. Wanawake waliokuwa wakinunua bonga kwa ndoo na kumkausha kwa moshi wakajikuta wanashindana na kiwanda. Mei 2017 ziwa dogo la Bolong Fenyo pale Gunjur liligeuka jekundu, samaki wakaelea wamekufa, wanakijiji wakaandamana hadi kwenda kulichimbua bomba la majitaka kwa mikono yao.

Siamini Kitu

Mkuu unaandika vizuri ila unaipamba. Nchi ambayo vijana wake wanazama baharini haina uchumi, ina kituo cha basi. Ukisikia "inaishi kwa wanaopita" maana yake haizalishi. Halafu hujagusa miaka 22 ya Jammeh, kwa nini?

Baharia Mstaafu

Sijapamba, bado nilikuwa naja. Kituo cha basi umekipatia, nitakiiba hicho.

Pesa inayotumwa na Wagambia walioko nje, Uingereza, Hispania, Ujerumani, Sweden, Marekani, imezidi dola milioni 700 kwa mwaka tangu 2021, na uchumi mzima wa nchi ni kama dola bilioni mbili na nusu. Zaidi ya robo. Hakuna bonde la karanga linaloweza kufika hapo. Nyumba unayoiona inajengwa Brusubi au Brufut, uliza mwenyewe yuko wapi, utaambiwa Barcelona au Birmingham.

Gharama yake ndiyo hiyo unayoisema. Njia ya ardhini wanaiita backway: Basse, Mali, Agadez ya Niger, Libya, halafu boti hadi Italia. Kati ya 2014 na 2017, ukilinganisha na udogo wake, Gambia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka vijana wengi zaidi Italia kwa njia hiyo. Mwishoni mwa 2019 boti iliyobeba vijana kuelekea visiwa vya Canary ilipinduka pwani ya Mauritania, wakafa zaidi ya 50. Wengi walitoka Barra, ng'ambo ya mto kutoka Banjul, na vijiji vya jirani. Kuna mitaa ambayo timu ya mpira ilibaki bila wachezaji. Kwa hiyo sibishani nawe kwamba ni maumivu. Nabisha ulivyosema hakuna uchumi: kaya inayouza ng'ombe kumsafirisha mtoto imepiga hesabu, na hesabu yenyewe mara nyingi inajibu. Hilo ndilo linalotisha.

Jammeh: Luteni wa miaka 29 aliyepindua Julai 1994, bila damu siku ile, damu ilikuja baadaye. Watu walipotea, mwandishi wa habari Deyda Hydara aliuawa Desemba 2004, wazee walikamatwa wakashutumiwa uchawi na kunyweshwa madawa, na rais mwenyewe alitangaza anatibu UKIMWI kwa mitishamba. Alitoa nchi kwenye Jumuiya ya Madola 2013, akaitangaza jamhuri ya Kiislamu 2015.

Kilichomwangusha ni gololi. Gambia wanapiga kura kwa gololi ya kioo: kila mgombea ana pipa la rangi yake lenye picha, unaingia faraghani, unadumbukiza gololi, inagonga kengele ndani. Ikilia mara mbili wasimamizi wanajua umechakachua. Baiskeli zenye kengele hazitakiwi karibu na kituo siku hiyo. Tarehe 1 Desemba 2016 gololi zikahesabiwa na Adama Barrow, mfanyabiashara wa nyumba na viwanja aliyewahi kuwa mlinzi wa duka London, akashinda kwa asilimia 43 dhidi ya 40 hivi. Jammeh akampigia simu kumpongeza mbele ya kamera, na baada ya wiki akageuka. Barrow akaapishwa kwenye ubalozi wa Gambia mjini Dakar tarehe 19 Januari 2017, majeshi ya ECOWAS yakasogea, na siku mbili baadaye Jammeh akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta. Tume ya ukweli ilisikiliza mashahidi hadharani kuanzia 2019; watu walikuwa wanaifuata kwenye redio za madukani kama tamthilia, ila wanatokwa machozi.

Kisumu Ndogo

Wakubwa, mmesahau Bensouda! Sisi Wakenya huyo mama tunamjua kuliko tunavyojua mawaziri wetu. Ilikuwa kila siku taarifa ya saa moja ni yeye.

Baharia Mstaafu

Sijamsahau ndugu yangu, nilikuwekea wewe. Fatou Bensouda aliiongoza ofisi ya mashtaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuanzia 2012 hadi 2021, na kesi ya Uhuru Kenyatta ilimfia mikononi Desemba 2014, ya Ruto ikafuata 2016. Kabla ya Uholanzi alikuwa Arusha, kwenye mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama hiyo kuanzia 2003 alikuwa Mgambia mwingine, Hassan Bubacar Jallow, ambaye baadaye alirudi kwao kuwa Jaji Mkuu. Na wa tatu, Abubacarr Tambadou, naye alifanya kazi hapohapo Arusha.

Huyu wa tatu ndiye wa kumtazama. Alipokuwa Waziri wa Sheria alitembelea kambi za Warohingya Bangladesh mwaka 2018, akasema aliyoyasikia yalimkumbusha Rwanda. Novemba 2019 Gambia ikaishtaki Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Nchi ya watu milioni mbili na ushei, iliyoko upande mwingine wa dunia! Aung San Suu Kyi akaja mwenyewe kujitetea. Januari 2020 majaji wakaiamuru Myanmar iwalinde Warohingya.

Na wanasheria wanajua: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu makao yake ni Banjul, mahakama yake ni Arusha, na mkataba wenyewe uliandaliwa Banjul ukapitishwa Nairobi Juni 1981. Mwezi mmoja kabla ya Kukoi kupindua, mnaona wenyewe.

Mwananchi 1935

Nimeruka mpaka hapa kama ulivyoshauri. Mpira uko wapi?

Baharia Mstaafu

Umefika. AFCON iliyochezwa Januari 2022 Cameroon ilikuwa ya kwanza kwa Gambia, na FIFA walikuwa wameiweka nafasi ya 150. Wakaifunga Mauritania, sare na Mali, wakaifunga Tunisia, wakaitoa Guinea, mpaka robo fainali walipopigwa mbili na wenyeji. Kocha unamjua: Tom Saintfiet, Mbelgiji yuleyule aliyeipa Yanga Kombe la Kagame 2012 kisha akaonyeshwa mlango baada ya muda mfupi.

Mwananchi 1935

Tulimfukuza mtu wa robo fainali ya AFCON. Naomba uzi ufungwe 😭

Mtu wa Darajani

Kabla haujafungwa. Wanaishi vipi hao Wamandinka, Wafula, Wawolofu, Wajola bila kugombana? Na dini?

Baharia Mstaafu

Waislamu ni zaidi ya asilimia 90, Wakristo wachache, na Krismasi na Idi wanakula pamoja kweli. Siri nyingine ni utani, huu huu wetu wa Wazaramo na Wanyamwezi. Mjola na Mserere ni watani, wanaitana watumwa mbele ya watu na hakuna anayekasirika. Ukoo wa Njie na wa Jobe hivyo hivyo: mmoja anamwambia mwenzake mlafi, kazi yake kula wali tu. Askari wa barabarani mwenye jina la Jobe akimkamata dereva Njie, matusi ya utani kwanza, leseni baadaye. Na watu hao hao wako ng'ambo ya mpaka, ila huko Mfaransa aliwaandika Ndiaye na Diop.

Kuna nyufa lakini. Jammeh ni Mjola, na mwaka 2016 alitukana Wamandinka jukwaani kwa maneno ambayo Umoja wa Mataifa uliyakemea. Utani haukuzuia hilo.

Siamini Kitu

Na utalii? Nasikia wazungu wanajaa.

Baharia Mstaafu

Wanakuja Novemba hadi Aprili, wakikimbia baridi, ndege ni saa sita kutoka London. Alianzisha Mswidi, Bertil Harding, mwaka 1965. Barabara kuu ya mahoteli ina jina lake. Mwaka 2019 waliofika kwa ndege walizidi 200,000. Ni biashara ya roho mkononi: 2014 Ebola iliwafukuza wageni wakati Gambia haikuwa na mgonjwa hata mmoja, na Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ilipoanguka, msimu ulikuwa unakaribia kufunguliwa. Miezi sita baadaye Korona. Sehemu kubwa ya pesa hubaki kwa waliouza tiketi Ulaya, mwenyeji anapata ya matunda, teksi na ngoma.

Roli la Tunduma

La mwisho kutoka kwangu. Kama Farafenni wamejenga, kwa nini mdomoni pale Banjul hadi Barra hawajengi?

Baharia Mstaafu

Hapo maji ni kama kilomita tano, na meli za bandarini lazima zipite chini, kwa hiyo daraja lake lingekuwa refu na la juu sana kwa mfuko wa nchi ile. Bado ni feri. Zikiwa nzima mbili unavuka kwa muda unaovumilika. Ikibaki moja, watu wenye haraka wanapanda mitumbwi mikubwa ya mbao, na kijana anakubeba begani mpaka kwenye mtumbwi ili usilowe, kwa malipo. Lori haliwezi kubebwa begani, kwa hiyo ukipata mzigo wa Banjul kutoka Dakar, mkuu, kunja kushoto uende Farafenni, vuka darajani, kisha rudi magharibi kwa barabara ya kusini. Ni ndefu zaidi kwenye ramani lakini utafika siku hiyohiyo.